Neno Aliloliwekea Kidole

Chole, 12 Rajabu 1325

Kwa ndugu yangu Tahir, aliyeko Lindi. Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuuliza hali yako na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua. Sisi tu wazima, ila mama magoti hayajampa nafuu.

Barua yako ilifika Ijumaa. Desturi yetu unaijua: barua ya mmoja husomwa barazani, wote wasikie. Mkeo Kidawa alisimama nyuma ya mlango, na baba yake, Mzee Ussi, alikaa mbele yangu. Mzee alikuwa ameapa kwamba barua hii isipotaja kurudi kwako, atakwenda kwa kadhi kumdaia binti yake talaka, kwani miaka minne inatosha.

Tahir, mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, hunifichi kitu. Barua zote za nyuma ulimwita "mke wangu". Safari hii ni "Bi Kidawa". Nyumba uliyoijenga kwa mikono yako umeiita "nyumba ile". Na mwisho umeandika, "Mungu akipenda nitapita Chole." Mtu kwake hurudi, kwa watu ndiko anakopita. Hukumtukana wala hukumwacha, lakini nilipofika hapo niliinua macho.

Watu wakaningoja. Nikaviona vidole vya Kidawa vimeshika ukingo wa mlango, nikasoma, "Mke wangu, nitarudi nyumbani kwetu."

Mzee Ussi akavaa makubadhi yake, akaondoka. Habari ya kadhi ikaishia hapo. Kidawa sasa anakandika kuta upya. Nimemfunga mtoto wa watu kwa mdomo wangu, na sijui nimfungueje. Nikisema kweli nitamwaibisha mbele ya baraza lile lile. Nikinyamaza atazeeka akingoja.

Tena nimezidisha. Siku ya pili alikuja akaniambia, shemeji, nionyeshe "nitarudi" limekaa wapi. Nikamwonyesha "nitapita". Akaliwekea kidole, kisha akataka nimfundishe kuliandika. Siku tatu amelichora mchangani kwa kijiti, nami namsahihisha.

Andika tena, ndugu yangu. Andika kurudi au andika talaka. Nitasoma ulichoandika, ingawa sijiamini.

Mama anakuombea dua kila sala. Wasalaam, ni mimi kaka yako, Hamdu bin Abeid.

Kidawa ameomba nimwachie nafasi hapa chini, akurudishie neno lako kwa mkono wake:

Nitapita.