Kitu Alichokigundua Akech

Mtaa wa Mowlem,
Nairobi.
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Jackton,

Pokea salamu zetu sote. Mgongo wako unaendeleaje, na baridi ya huko Finland imepungua? Sisi ni wazima wa mwili. Mume wangu Odera bado yuko kazini kwenye reli, na miguu yangu hainisumbui kama mwaka jana.

Ninalokuandikia ni la mpwa wako Akech na ule utafiti wake wa fizikia. Alinieleza siku moja nikikatakata sukumawiki. Chembe ndogo kabisa, zikiwa nyingi pamoja na zikitikiswa bila kuachwa zitulie, hazipendelei kulia wala kushoto. Huo anauita ulinganifu. Yeye aliona kwamba mtikiso ukifika kiwango fulani, zote huchagua upande mmoja kwa ghafla, jinsi maji yanavyogeuka barafu. Chuo kimoja cha Ujerumani kikakubali kumpokea akauendeleze ugunduzi huo. Tulitoa shukrani kanisani, watu wakasimama wakampigia makofi.

Mwezi uliopita akapata nafasi kwenye kompyuta kubwa, akarudia hesabu kwa chembe nyingi zaidi. Kule kuchagua upande kukafifia. Alipoongeza nyingine, kukapotea kabisa.

Odera alimuuliza kosa liko wapi ili alirekebishe. Akasema, "Hakuna kosa, Baba. Hesabu iko sawa. Kitu chenyewe ndicho hakipo."

Maisha yake yote baba yake ametengeneza vilivyoharibika, na hapa hakuna kilichoharibika.

Hakuna aliyemlazimisha, lakini Akech aliwaandikia mwenyewe wale wa Ujerumani, akaiondoa makala aliyokuwa ameandika kuhusu ugunduzi huo. Walimsifu kwa ukweli wake, kisha wakasema ile nafasi haipo tena.

Kaka, nimeishiwa maneno. Nimekaa na waliofiwa, najua la kuwaambia. Kwa hili sijui hata pa kuanzia. Nikipika, hataki kula. Jirani yetu Selpher alikuja kuomba naye. Akaitikia amina kwa adabu, akarudi kitandani. Jana nilianza kumwambia Mungu ana mpango, akanishika mkono.

"Mama, usiseme kitu. Kaa tu."

Nikakaa. Hata sasa nakuandikia nikiwa kando yake. Amelala, au anajifanya amelala.

Tafadhali mpigie simu. Usimshauri. Asiposhika, piga tena.

Msalimie wifi yangu Celine na watoto. Mungu awafunike huko mliko, nasi atukumbuke huku.

Dada yako akupendaye,
Benta