Gauni Lililozidishwa

12 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumai cherehani inanguruma na magoti hayakusumbui. Mimi mzima, ila kichwa kinawaka moto. Chuoni tumeanza kufundishwa kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya mahesabu. Humo kila kitu ni jedwali la namba: picha, sauti, hata joto la chumba. Wenzangu wanaelewa, mimi natoa macho tu. Nafikiria kuhamia somo jingine.

Mwanao

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, hayajahamia kwa jirani. Nawe usihame kwanza. Nijibu: gauni nalo linaweza kuwa jedwali la namba?

Shangazi yako

14 Machi

Shikamoo Shangazi. Hali yako? Swali lako lilinikosesha utulivu. Nilichukua gauni langu, nikapima kila kona ya kipande cha mbele: umbali kwenda kulia, umbali kwenda chini. Kila kona ikawa mstari wenye namba mbili. Nikaiamuru kompyuta ichore, gauni likatokea kwenye kioo chake. Nilicheka peke yangu. Ukizidisha jedwali zima, kona zote zinasogea pamoja. Mashine hujibu papo hapo. Ukimalizia amri kwa nukta-mkato, inafanya kazi kimyakimya, bila kuonyesha jibu. Hatua zote nimekuandikia nyuma ya barua, ujaribu kwenye ile kompyuta niliyokuachia. Lakini kwa nini unauliza?

Mwanao

2 Aprili

Marahaba mwanangu. Nukta-mkato nimeipenda. Mama yako angewekewa moja tungepumzika, ila usimwambie.

Nimezidisha gauni la mtoto limtoshe mtu mzima. Shingo inapitisha vichwa viwili. Nimekosea wapi?

Umeuliza kwa nini. Mkono wangu wa kulia unatetemeka, na daktari anasema hautatulia. Kukata kwa kufuata mstari bado naweza, na kushona cherehani inanisaidia kushika kitambaa. Kuchora karatasi ya kukatia kitambaa ndiko kumenishinda. Mstari unayumba kama mlevi. Wateja nawaambia nimepumzika.

Shangazi yako

8 Aprili

Shikamoo Shangazi. Nililia kwanza, kisha nikafungua kompyuta. Mwili haukui sawasawa, kwa hiyo usizidishe jedwali zima. Taja mistari ya mabega na pindo, uizidishe hiyo. Ya shingo ipe kipimo chake. Mimi sihami tena. Nije?

Mwanao

15 Mei

Shangazi, shikamoo. Mbona kimya? Mama anasema mlango wa duka lako la ushonaji umefungwa na ukibishiwa hodi huitiki. Niandikie hata neno moja.

Mwanao

30 Mei

Marahaba, mwanangu. Nisamehe, mlango nilijifungia mwenyewe. Mtu mzima akiwa anajifunza hataki watazamaji. Kompyuta ilinikatalia wee, ikidai majedwali hayalingani, mpaka nikagundua nimesahau kona moja ya kwapa. Nikapeleka kazi kwa mwenye printa, karatasi tukaziunganisha kwa gundi. Mistari imenyooka, mwanangu. Nikakata, nikashona gauni. Mwalimu wa hapa mtaani, mteja wangu wa zamani, akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasema, "Fundi, umerudi."

Sasa niambie: marinda, pale kitambaa kinapojikunja juu ya chenyewe, yanaandikwaje kwa namba? Kama unakuja kunihurumia, baki huko. Kama hulijui jibu, njoo tulitafute wote.

Shangazi yako