Hodi Thelathini na Sita

Wee! Dada kaumbuka ofisini kwao hospitalini, nina hasira mpaka sasa!

Ile webhook yake, yaani programu ya kupokea majibu ya maabara na kumtumia mgonjwa ujumbe ilijaribiwa leo. Ikifaulu, anaajiriwa moja kwa moja.

Mtambo wa maabara ukipiga hodi, lazima webhook iuitikie "nimepokea", la sivyo unarudia. Yake ilipokea, ikatuma ujumbe kila hodi, lakini kwa mtambo ikanyamaza! Hodi ya mtu ni tatu, ya mtambo haina mwisho.

Na namba ya simu ya majaribio? Ya mama!! Mara thelathini na sita: "Majibu yako tayari, fika haraka."

Mama kaja mbio hadi mlango wa ofisi na begi la kulazwa. "Hodi!" Dada kaganda. "Hodi jamani!" Kimya.

Bosi: "Kumbe hata mama yako humwitikii? Rekebisha hilo kwanza, ajira baadaye."