Kigingi nyuma ya jiko la Mama Sifa

Jumanne, mwezi wa kumi na moja. Wingu zito lilikaa juu ya ziwa tangu alfajiri, na mimi niliamka sina raha, kama mtu aliyesahau kitu asichokijua.

Sasa ni jioni na mvua imekatika. Mke wangu amefunika chakula mezani, amenitazama mara moja, kisha akaenda zake. Ananijua.

Kwa msiojua kazi yangu, mimi ni mpimaji. Tunapima barabara inayotoka mjini kuelekea Niemba. Programu iliyo kwenye tableti inabeba mstari wa katikati ya barabara. Naitajia umbali wa kwenda pembeni, inaniongoza mpaka kwenye nukta, na hapo napiga kigingi chenye kichwa chekundu. Vigingi hivyo havionyeshi ukingo wa barabara uko wapi. Tunaviweka nje yake makusudi, ili tingatinga lisiving'oe na wajenzi wapate pa kupimia.

Sisi tunajua hivyo. Nani mwingine tumemwambia?

Wiki iliyopita nukta moja iliangukia ndani ya chumba cha Mama Sifa. Ni mjane anayeuza dagaa. Nyumba yake ya kwanza, kule chini, ilimezwa ziwa lilipopanda. Hii ya mlimani aliijenga kwa matofali mabichi, yeye na dada yake, maji wakiyabeba kichwani. Niliona vibaya kupiga kigingi penye kitanda cha mtu. Barabara yenyewe haifiki pale, inapita mbele ya mlango wake na kubakiza uwanja mzima. Basi nikaongeza umbali kwenye programu, kigingi kikaenda kusimama nyuma ya jiko. Siku hiyo nilijiona mtu mwema kweli.

Mama Sifa alikuja akasimama kando yangu. "Papa, barabara itafika mupaka hapa?"

Macho yangu yalikuwa kwenye tableti, nangoja satelaiti zitulie. Nikaitikia kwa kichwa ili aniache nifanye kazi.

Leo asubuhi tumepita pale na gari. Nyumba haina paa. Mabati yamepangwa uani, mbao zimefungwa kwa kamba, na Mama Sifa anang'oa fremu ya mlango kwa panga. Aliponiona akanipungia mkono.

Nilielewa palepale. Alikuwa anaokoa mali yake kabla ya tingatinga kufika, na tingatinga halikuwa na safari ya kwake.

Kusimamisha gari ni neno moja tu. Lakini shefu, mkubwa wetu wa kazi, alikuwa amekaa mbele, anataka kipande chetu kiishe leo, na nilishaona atakavyogeuza shingo kuniuliza nilimwambia nini yule mama. Nikajiambia nitarudi baadaye. Tukaenda. Nimepiga vigingi mpaka saa tisa, vyote sahihi. Tableti inalia kila ninapofika kwenye nukta, na kila ilipolia nilitazama wingu.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu hayakungoja kizazi.

Nilirudi kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia. Mama Sifa alinipokea vizuri, akanipa kiti. "Aksanti Papa. Bila wewe, mashini ingenikuta na mabati juu."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikachora chini kwa kijiti: barabara hii, mtaro huu, nyumba yako hii, ule muti wa kichwa chekundu si mpaka wa barabara. Hakupiga kelele. Alifuata mchoro ule kwa kidole, kisha akasema, "Maji ya ziwa ilinifukuza. Lakini ilikuja polepole, kila muntu aliiona."

Akamwita dada yake. Tukapandisha mbao, tukalaza mabati juu bila misumari, tukayakandamiza kwa mawe. Tulikuwa tumefunika nusu ya nyumba mvua ilipoanza. Ilikuwa mvua ya kweli. Matofali mabichi yasiyo na paa hayana la kujitetea: ukuta uliobaki wazi ulikunywa maji, ukavimba, ukainama pale fremu ilipotoka. Tuliuegemeza kwa mbao na migongo yetu. Tulipoona unatushinda tukaruka pembeni, ukalala wote.

Ni ukuta wa kile chumba. Kile nilichokionea huruma.

Tulisimama upande wenye bati, tumelowa, dada yake analia kimyakimya. Mama Sifa hakulia. Alinigeukia akaniuliza, bila ukali wowote, "Tangu saa gani ulijua?"

Nikamjibu, "Sasa hivi tu, Mama. Nimekuja mbio."

Akanishika bega. Aksanti kwa kukimbia, akasema.

Nimeoga na bado nausikia ule mkono. Naona haya. Sioni haya kwa sababu ya kigingi, kigingi ningeweza kukieleza hata mbele ya wakubwa. Naona haya kwa zile saa nilizozipitisha nikipiga vigingi sahihi huku nikijua, na kwa uongo nilioongeza juu ya hayo.

Kuna vigingi vingi barabara nzima, na nyuma ya kila kimoja kuna mtu anayehesabu mabati yake. Kesho nitapita nyumba kwa nyumba niwaeleze, shefu apende asipende. Lakini kwa Mama Sifa nitafika kwanza, kabla hajanikaribisha kiti.

Asubuhi, Mama. Nilijua tangu asubuhi, uliponipungia mkono.