Maswali ya Kiwanda cha Magodoro

Kwako Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wanao. Natumaini mgongo umepoa na mdogo wao ameacha kukohoa. Mimi huku ni mzima, isipokuwa huu mkono, ambao baridi ikipiga unaniuma mpaka kwenye vidole nisivyo navyo. Usishangae mwandiko kwenda upande kama mlevi. Mkono wa kushoto ndio kwanza unajifunza kazi. Ningekupigia simu, lakini siku hizi hupokei. Nadhani sababu naijua, na nitaifikia. Nakuomba tu usiichane barua hii kabla hujaimaliza.

Kesi bado, Dada. Mimi nilidhani kesi ni kwenda mahakamani, ukasema lako, kiwanda kikasema chake, kwisha. Kumbe sivyo. Wakili wangu, yule mama mnene mwenye sauti ndogo, alinielewesha kwamba kabla ya kusikilizwa, kila upande unaweza kumpelekea mwenzake maswali ya maandishi, na mwenzake sharti ajibu kwa maandishi, tena kwa kiapo. Unaweza pia kudai nyaraka alizonazo zinazohusu jambo lenyewe. Nikafurahi kweli. Nikasema, leo watanitambua.

Tuliuliza mambo ya kawaida tu. Mashine ya kukatia sponji ilikaguliwa lini? Kinga ya kisu iliondolewa na nani, na kwa nini? Nani aliambiwa kwamba haipo? Tukaomba na taarifa za mafundi. Tukangoja, tukangoja, mpaka wakili akawaandikia kuwakumbusha. Majibu yalipokuja sikujua nicheke au nilie. Neno "kinga", walisema, halieleweki. Neno "mashine" ni pana mno. Swali la tatu ni la kusumbua. Dada, watu wanatengeneza magodoro tangu mimi sijaota meno, leo hawajui mashine ni nini!

Nyaraka nazo wakaleta, maboksi kwa maboksi, mpaka mlango wa ofisi ya wakili haukufunguka sawasawa. Moyo ukaruka, nikajua tumeshinda. Mimi na karani wake tukakaa sakafuni, tukafungua moja baada ya jingine. Risiti za majani ya chai. Zamu za walinzi wa geti. Barua za watu kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Picha za sherehe ya kumuaga mhasibu, meneja kashika keki, meno thelathini na mbili yote nje. Nilitia mate kidole kufunua kurasa mpaka ulimi ukakauka. Taarifa za mafundi, hakuna hata kipande. Karani akaniambia nisishangae. Mtu akikuomba punje na hataki kukupa, anakumwagia gunia zima la makapi, upete mwenyewe.

Kisha ikaja zamu yao kuniuliza mimi. Hapo, Dada, kila neno lilieleweka! Nitaje kila ugonjwa niliougua tangu kuzaliwa na kila hospitali niliyokanyaga. Je, nimewahi kujikata jikoni? Je, navaa miwani? Siku iliyotangulia ajali nililala vizuri? Wakauliza hata kama nimewahi kupoteza mimba. Nilimuuliza wakili mimba na vidole vinahusiana nini. Akasema hilo atalipinga, na kweli alilipinga, lakini mimi nilikuwa nimeshalisoma mbele ya karani, na aibu haina pingamizi.

Hata hivyo lililoninyima usingizi lilikuwa swali fupi kuliko yote. Kabla ya ajali, ulimwambia nani kwamba kinga haipo? Mtaje kwa jina na cheo.

Nimefika sasa, Dada. Nilimwambia mumeo. Alikuwa msimamizi wa zamu yetu, ningemwambia nani mwingine?

Kabla sijajibu alikuja kwangu. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa, akaniuliza habari za mkono bila kuutazama. Halafu akasema, "Shemeji, andika hukumbuki. Neno moja tu. Nina watoto wanasoma." Nikamwambia ni kiapo. Akasema, "Kiapo hakilishi mtu." Nikamkumbusha kwamba yeye hakukosea kitu. Siku ile nilipomwambia, alikwenda moja kwa moja kwa meneja, nami nikiwa nyuma yake mlangoni, na meneja akamjibu kwamba kinga inapunguza kasi, tumalize oda kwanza. Nililisikia kwa masikio yangu. Shemeji akatikisa kichwa. Akasema meneja amemwahidi kumlinda, ila jina lake lisionekane popote. Aliondoka hata maji hakunywa.

Dada, nilimwandika. Jina lake kamili na cheo chake, na kwamba alilifikisha kwa meneja. Nikainua huu mkono, mahakamani, nikaapa. Sikukuambia, kwa sababu niliogopa. Najua amekueleza kwamba nimemuuza, na sikulaumu kwa kununa.

Lakini kuna ambalo nadhani hajakueleza. Hakimu alichoshwa na pingamizi zao, akawaamuru wajibu. Majibu mapya yamefika wiki hii, ameyaapia meneja mwenyewe. Ghafla kinga inaeleweka! Wanasema iliondolewa na msimamizi wa zamu kwa hiari yake, hakumwarifu mtu yeyote, na kwa uzembe huo wameshamwachisha kazi. Ndiyo, Dada. Mumeo hana kazi. Wamemtoa kafara. Nilisoma mara mbili. Vidole vyangu walivikata wao, sasa wanataka kumtwisha yeye.

Nimekwenda alikopanga huku. Redio inalia ndani, nabisha hodi, hafungui. Nikamwita kupitia dirishani, akaizidisha sauti. Ndiyo maana nakuandikia wewe, maana wewe ukimwambia husikia.

Wakili anasema mpaka sasa karatasi pekee yenye kiapo inayosema kwamba mumeo alimwarifu meneja ni yangu. Ile ile aliyoniomba nisiandike. Akija naye akaapa alichokiona na alichoambiwa, tutakuwa wawili, na meneja atabaki na keki yake. Asipokuja, watamgandamiza peke yake, na mimi nitabaki kutazama tu. Nimekuwekea humu nakala ya majibu yao na ya kwangu. Msomee yote, hata kwa simu. Aking'aka, mwache ang'ake mpaka achoke, kisha msomee tena.

Ukifika kwenye jibu langu lenye jina lake utaona nimeandika zaidi ya nilichoulizwa. Wakili alinifundisha nijibu swali tu, nisiongeze hata nukta, nami nikamtii kote isipokuwa hapo. Nimeongeza kwamba ndiye aliyeruka akazima mashine wakati wengine wanapiga kelele, akavua shati lake akanifunga mkono, akanibeba hadi getini huku akinisemesha nisizimie. Wakili alitaka kulifuta, akisema hakuna aliyeliuliza. Nikamwambia likae.

Wape watoto mikono yangu, waambie mama mdogo wao anawakumbuka kila siku. Wewe nakuombea mgongo upoe na moyo upoe pia.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Kitindamimba