Mabati ya Mama

Jumatatu, 5 Mei
Ukungu tena. Mama kaondoka kabla ya chai, kaenda kukaa nyumbani kwake. Nyumba gani? Upepo wa Machi uliondoka na paa lote. Zimebaki kuta na mbingu. Anafagia, anawasha moto, anatazama mawingu yakipita juu ya chungu chake. Kwangu ana kitanda, ana blanketi mbili. Lakini haachi kwenda. Inaniuma. Na baridi ya Juni hiyo inakuja.

Alhamisi, 8 Mei
Njombe mjini, kama katibu wa kamati ya maafa ya kijiji. Kwenye ubao wa matangazo: mabati ya serikali kwa kijiji chetu yameshatolewa. Yameshatolewa! Sisi hatujaona hata msumari. Nimerudi nachemka. Ni mtendaji wa kijiji tu huyu. Mabati yetu kayala yeye.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya ibada nimelisema hadharani, mtendaji na mkewe wakiwa palepale. Watu wakaguna. Yeye akasema tu, "Mwalimu, twende tukayafuate pamoja." Nikaona ujanja.
Mchana nimesinzia. Nimeota mabati yakielea juu ya mashamba ya chai, taratibu, bila kelele. Mama anayapungia mkono.

Jumatano, 14 Mei
Makambako na mtendaji, kwenye ghala la serikali la maafa. Upepo wa pale nusura uondoke na kitenge changu. Yeye kanishikia mkoba. Ghalani tumeyakuta mabati yetu yote, yamefungwa, vumbi juu. Mtunza ghala katoa faili: yamezuiliwa, waathirika wana makazi. Nani kasema? Kanionyesha orodha. Mwandiko wangu.
Lo! Siku ile ya upepo kila familia ilichukuliwa na ndugu au jirani kabla ya giza. Nilijivunia sana. Kwetu humwandiki mtu kuwa hana pa kulala, ni kuwatukana ndugu zake. Basi penye "makazi ya sasa" nikawajazia wote: anayo. Jina la kwanza ni la Mama. "Anaishi kwa bintiye. Hana shida."
Njia nzima sikuweza kumtazama mtendaji.

Jumapili, 18 Mei
Nimesimama palepale pa Jumapili iliyopita, nikamwomba mtendaji radhi mbele ya watu. Mkewe ndiye aliyelia. Nimeona aibu mpaka miguuni.
Orodha mpya niliiandika jana. Jina la Mama, kisha: hana nyumba. Mkono ulikuwa mzito. Nilijisikia kama namfukuza.

Jumamosi, 14 Juni
Baridi kali. Mabati yalifika, paa likakamilika jana, Mama kalala kwake. Asubuhi nimemkuta anaota moto, macho juu.
"Umelala salama, Mama?"
"Salama. Nyota tu ndizo sikuziona."
Akanisogezea kigoda cha wageni, akanimiminia chai. Manyunyu yakaanza kugonga bati. Nimeaga mara tatu, nikabaki.