Wembe wa Mwaka wa Kwanza

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mwanangu,

Mama yako amekufa. Jana asubuhi, hospitali. Tumemzika leo.

Nilikupigia simu mpaka mkono ukachoka. Yule dada wa kwenye simu anasema hupatikani. Najua huko ziwani mtandao mnaufuata juu ya kilima. Hukukosea kitu. Usianze kujilaumu, sina nguvu ya kukubembeleza kwa barua.

Hujambo lakini? Kifua chako? Mimi mzima. Shangazi yako yuko hapa. Anapika, anafoka, anapanga vyombo pasipo pao. Nikiuliza sufuria iko wapi ananijibu, "Kaka, wewe umefiwa, kaa chini." Kama vile mfiwa haoni njaa.

Watu wa karakana walikuja wote. Mama yako kawashonea viti vya boti miaka na miaka, na hakuna hata mmoja ambaye hakuwahi kufokewa naye. Walilia kama watoto.

Nakwambia jambo, usinione mbaya. Usiku wa kuamkia leo nimelala. Nimelala kama gogo. Tangu augue nilikuwa nalala sikio wazi, nasikiliza anavyopumua. Yale maumivu yalikuwa yanamla. Sasa hayamli tena. Nalia, na nimeshusha pumzi. Vyote viwili.

Kazini sijarudi. Msimamizi kasema nikae kwanza.

Barua anakuletea Breki, dereva wa lori la gundi. Tumemwita Breki kwa sababu hazitumii. Mpe jibu akirudi.

Baba yako


Jumapili, tarehe 10 Machi

Shikamoo baba,

Barua nimeipata. Breki alinipa mkononi, halafu akaenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na shida yoyote. Nikajua kabla sijafungua.

Pole baba. Na mimi najipa pole. Sikumzika mama yangu, hilo litanikaa. Lakini kulala si dhambi. Lala baba. Wewe ndiye uliyekuwa unamgeuza, unamwosha, unamlisha. Atakayekuona mbaya aje aniambie mimi.

Wote huku wanakupa pole. Kifua kimepona. Msalimie shangazi, mwambie sufuria akurudishie.

Nimeomba ruhusa nije. Bosi kanikubalia, ila kaniomba nimalize kwanza majaribio ya boti moja, maana fundi wa injini hapa ni mimi peke yangu. Huwezi kuamini baba, kanunua Wembe! Wembe halisi, zile boti za kasi za zamani, pua kali kama jina lake. Mtu alikuwa kaifunika turubai nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani. Bosi hali, halali. Anataka kuipeleka kwenye mashindano ya boti za zamani.

Kaniuliza, "Hii ni ya mwaka wa kwanza wa kutengenezwa au wa pili?" Unajua zilivyofanana, kama mapacha. Kibao cha namba nyuma hakipo, kimeng'olewa. Nikamwambia subiri. Nikavuta turubai, nikatazama viti. Mshono ulioinama. Mama alinifundisha nikiwa nakaa chini ya cherehani yake: mshono wima mwaka wa kwanza, mshono ulioinama mwaka wa pili. Nikamjibu bosi bila kupepesa, "Ni wa pili. Ukuta wake wa nyuma hauna mbao, ni faiba tupu, tundika injini yoyote." Basi kaagiza injini mbili kubwa, kubwa kuliko za kiwandani.

Viti vyenyewe vyekundu, vizima kabisa. Chini ya kiti cha dereva kuna kijifuko kimefichwa, cha kuwekea miwani. Aliyeshona alikuwa na akili. Barua yako nimeiweka humo.

Jumamosi tarehe 23 tunaishusha majini. Usukani nashika mimi, na bosi anataka mafuta yafunguliwe mpaka mwisho. Nikimaliza nakuja nyumbani.

Mwanao


Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mwanangu,

Usiendeshe hiyo boti. Salamu baadaye.

Hicho kijifuko ni cha mama yako. Kiwandani hawakuweka kijifuko kwenye Wembe wowote, si wa kwanza si wa pili. Aliweka mama yako, kwa sababu yule mteja alikuwa anakalia miwani yake kila siku. Boti hiyo ilipita kwetu wewe ukiwa bado shule. Tumbo lake nimelipiga msasa kwa mikono hii. Ni Wembe wa mwaka wa kwanza.

Mteja alitaka viti kama vya mwaka wa pili, majirani wadhani kanunua mpya. Mama yako alicheka. Akasema, "Mshono ni wangu, uongo ni wake." Akashona. Alichokufundisha ni sawa, ila kwa viti vya kiwandani. Hivyo ulivyokalia ni vyake.

Sasa sikiliza. Kinachofunguka kwa bisibisi usikiamini. Viti, kioo, reli, vyote vinahama boti hii kwenda ile. Uliza tumbo. Ingia chini, pitisha kiganja kwenye yale matuta mawili ya katikati. Mwaka wa kwanza yanakwenda mpaka nyuma kabisa. Mwaka wa pili waliyakatiza kabla ya kufika, kwa sababu yalikuwa yanapeleka hewa kwenye pangaboi. Hapo hakuna wa kukudanganya.

Na ule ukuta wa nyuma, wa kwanza ndani una mbao, juu wamefunika faiba. Wa pili hauna mbao. Mbao ikinywa maji inaoza kimya kimya, na rangi nje inang'aa. Tundika injini kubwa mbili hapo, fungua mafuta mpaka mwisho, ukuta unang'oka na injini zake. Maji yanaingia kabla hujageuza shingo.

Chukua drili. Toboa kitundu kwa ndani, chini kabisa ya ukuta. Ukitoka unga mweupe mkavu, nimekosea, nichekeni. Ukitoka wa kahawia umelowa, shuka kwenye boti.

Nimemzika mama yako juzijuzi. Siwezi tena.

Hujambo? Shangazi anakusalimu.

Baba yako


Alhamisi, tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Breki karudi mikono mitupu. Anasema hakukukuta, mlikwenda mjini kutafuta vipuri, barua kamwachia mlinzi wa getini. Nikamwambia, "Nilisema mkononi." Akanijibu, "Mzee, mkono wake ulikuwa mjini." Nilitaka kumpiga.

Simu napiga. Yule dada bado anasema hupatikani. Nimeanza kumchukia.

Basi la huko linaondoka Jumatatu tu. Leo nimepanda lorini kwa Breki nije mwenyewe. Msimamizi wa magari kanishusha. Mapipa ya gundi yanashika moto, abiria hawaruhusiwi. Nimemtukana. Hakunirudishia, maana anajua nimefiwa.

Kwa hiyo naandika tena, kwa kifupi. Hiyo boti ni ya mwaka wa kwanza, tumbo lake nililipiga msasa mimi. Viti kashona mama yako. Pitisha mkono kwenye matuta ya tumbo, yanafika nyuma. Toboa ukuta kwa ndani, chini kabisa, kabla ya kwenda popote; una mbao, na mbao inaoza. Mengine yako kwenye barua aliyonayo mlinzi.

Breki nimemwambia akikukosa alale mlangoni kwako.

Sili vizuri. Silali tena.

Baba yako


Jumapili, tarehe 24 Machi

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Naanza na hilo. Mzima kabisa, na miguu iko nchi kavu.

Ile barua aliyoachiwa mlinzi sikuipata. Mlinzi aliitia kwenye koti, halafu siku zake za mapumziko zikafika, koti likaenda naye kwao. Mimi na bosi tulirudi na vipuri, tukafunga injini, wala sikujua kama umeniandikia. Nilidhani Breki hakukufikishia jibu langu, nikakasirika naye bure.

Jana asubuhi boti ilikuwa juu ya trela, magurudumu ya nyuma yameshaingia majini. Bosi kageuza kofia kisogoni, watu wamejaa kutazama. Mimi niko kwenye usukani. Mara lori la gundi hilo linateremka mteremko wa boti, honi mfululizo, nikasema leo Breki kaua mtu. Baba, alifunga breki! Wote tulishangaa. Akaruka chini, akapiga kelele, "Wewe! Baba yako kasema nikulalie mlangoni, na mimi siwezi kulala chini, mgongo unaniuma. Soma!"

Nikasoma pale pale. Bosi akaja juu. "Kuna nini tena?"

"Baba anasema ni ya mwaka wa kwanza."

"Baba yako yuko huko, boti iko hapa. Kaionaje?"

"Alishailamba na msasa, bosi. Na viti kashona mama."

"Si wewe uliyeniambia ni ya pili? Ulisema bila hata kupepesa."

"Nilisema. Ngoja nipepese."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Nikaingia chini ya trela, maji magotini, nikapitisha kiganja kwenye matuta. Yakaenda, yakaenda, mpaka kiganja kikagonga ukingo wa nyuma. Nikamwita. Kainama na suruali yake safi, kapitisha na yeye. Halafu akasema, "Hata hivyo, ukuta unaweza kuwa mzima."

Nikaomba drili. Nikatoboa kwa ndani, chini, kama ulivyosema. Ulikuja unga wa kahawia, umeshikana kama ugoro. Halafu maji yakaanza kuchuruzika kitunduni, baba, yenyewe tu. Bosi akachukua ule unga kidoleni, akaunusa. Unanuka gunia lililolowa. Akageuza kofia ikatazama mbele.

"Vuta trela," akasema. "Shusheni injini."

Hakunifokea. Nilingoja anifokee, nilikuwa nimestahili. Alikaa kwenye tairi, akasema, "Mimi ndiye niliyesema mafuta mpaka mwisho." Akarudia mara nyingine, kwa sauti ndogo.

Mimi nikarudi kukaa kwenye kile kiti. Bosi akaniita, "Toka huko, hatuendi popote." Nikamwambia, "Naomba nikae kidogo. Hapa pameshonwa na mama." Akavua kofia, akaenda kuwafukuza waliokuja kutazama.

Nimekaa pale nikapapasa uzi, baba. Mwisho wa mshono anarudisha sindano nyuma, nilikuwa namwona akifanya hivyo. Siku zote nimekalia kazi yake nikisema aliyeshona ana akili, na sikumjua. Nililia, kilio ambacho kilikuwa kimekataa tangu barua yako ya kwanza. Nilipotoka nilikuwa mwepesi.

Ukuta tutaukata, tutajenga upya. Bosi kasema boti itangoja, mimi nije kwanza nyumbani. Naja na basi la wiki ijayo. Kula. Lala.

Mwanao


Jumatano, tarehe 27 Machi

Mwanangu,

Barua imefika. Nimeisoma nimesimama, nikaishia mstari wa kwanza, nikakaa, ndipo nikasoma iliyobaki.

Nimecheka peke yangu. Shangazi yako akatoka jikoni na mwiko. "Kaka, umeshachanganyikiwa?" Nikampa barua. Kasoma, kanipiga kofi la mgongo nikakohoa. Halafu akakaa sakafuni na mwiko wake, akalia, akaunguza chakula. Tumekila hivyo hivyo. Nimekula sahani mbili.

Breki nimemwomba radhi. Kasema breki za lori zimeisha kwa sababu yangu. Nimemwambia hazikuwahi kuanza.

Mwambie bosi wako asante. Wengine wangeishusha tu boti, wapate aibu baadaye. Na wewe acha kujisuta. Ulimwamini mama yako. Hata mimi ningemwamini.

Mkikata ukuta, kateni kwa ndani, faiba ya nje msiiguse. Ng'oeni mbao yote mpaka iishe, mkiacha kipande kilicholowa kitaozesha kipya. Viti vifungueni kabla, mvifunike. Vumbi la faiba likiingia kwenye mshono halitoki. Na bosi asije akasema vishonwe upya wima ili boti iwe ya kweli. Mwambie nimekataa.

Jana nililala vizuri. Sikusikiliza kitu.

Leo nimepita karakana kumwona msimamizi. Kuna boti kubwa imeingia, tumbo limejaa magamba ya konokono wa majini, vijana wanaizunguka hawajui waanzie wapi. Nimewaambia waache, wataikwangua mpaka watoboe.

Ukifika mchana usigonge, ufunguo uko kwa shangazi. Mimi hutanikuta. Kesho narudi kazini.

Baba yako